Makabati ya zamani jikoni: Usifute mstari wa mwisho wa bajeti

KATIKA nyumba moja ya Tabata, Dar es Salaam, makabati ya jikoni yana umri mkubwa kuliko ndoa ya wanaoyatumia. Yalitengenezwa kwa mbao za mninga na marehemu baba mkwe wakati nyumba ikijengwa, na kila baada ya miaka kadhaa yalipakwa rangi mpya ya mafuta juu ya ile ya zamani. Ya mwisho ni rangi ya maziwa. Kabla yake ilikuwepo ya kijani, na chini kabisa ya njano. Tabaka zote tatu zinaonekana kwenye kona ya mlango ulio chini ya sinki, mahali ambapo rangi imeanza kubanduka.

Kona hiyo ndiyo anayoipenda mtoto wa mwisho wa nyumba hiyo. Ana miezi 11, anatambaa, na kila anachokikuta sakafuni kinaishia mdomoni.

Baba wa familia alitaka makabati yang'olewe yawekwe ya kisasa. Fundi wa Keko waliyemuuliza alitaja bei inayoanzia kwenye mamilioni. Ndani ya nyumba ilikuwepo laki tatu, na ada ya shule ya mtoto mkubwa ilikuwa njiani.

Mama mkwe naye alikuwa na lake. "Huu ni mninga, mwanangu," alimwambia mkwewe. "Hayo ya kisasa maji yakiyagusa yanavimba kama andazi."

Basi ikaamuliwa makabati yabaki na yapakwe upya. Mama wa nyumba akachukua daftari, akaandika mahitaji kuanzia praima hadi vishikio. Mstari wa mwisho aliandika: nailoni ya kufunikia na barakoa, shilingi 16,000. Mume alipopitia orodha aliupiga kalamu mstari huo. "Hii ya nini? Fundi amezoea vumbi."

Mstari huo uliofutwa ndio uliokuwa na maana kuliko yote, na bila huo familia nyingi zinazofufua makabati yao hupata jiko zuri kwa gharama ambayo haionekani kwenye risiti.

Je, yanafaa kufufuliwa?

Kabla ya kununua hata brashi moja, mzazi anapaswa kujua kama kabati lenyewe bado ni zima. Rangi mpya juu ya mbao iliyooza ni kupoteza fedha.

Fungua milango yote na utoe vyombo. Chukua bisibisi, bonyeza mbao za chini, hasa zilizo karibu na sinki na zile zinazogusa sakafu. Ikizama kwa urahisi, mbao hiyo imeoza au imeliwa. Angalia kama kuna vijia vya udongo vya mchwa, au matundu madogo yanayomwaga unga laini, dalili ya wadudu wanaotoboa mbao. Kipande kilichoharibika kinaweza kubadilishwa peke yake, lakini ikiwa fremu nzima imeliwa, ni afadhali kukubali kuwa kabati limekwisha.

Kisha angalia kama ni mbao halisi au ni ubao wa kubandika. Mninga, mkongo, mvule na mtiki hudumu miaka mingi na hustahimili kusuguliwa. Mbao za MDF na zile za vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi nazo zinaweza kupakwa rangi, ila hazivumilii maji, kwa hiyo zifutwe kwa kitambaa kilichokamuliwa tu.

Angalia pia sinki na mabomba. Kama chini ya sinki kunavuja, tengeneza bomba kwanza. Unyevu ukibaki, rangi mpya itafura na ukungu utarudi, na ukungu ni adui wa mtoto mwenye pumu.

Laki tatu iligawanywaje?

Bei hutofautiana kati ya duka na duka, na anayefika mwenyewe Gerezani, Kariakoo, huenda akapata nafuu kuliko duka la mtaani. Kwa jiko la milango 10 na droo nne, familia hii ilipanga hivi:

Praima lita nne: 38,000
Rangi lita nne: 55,000
Misasa ya maji: 10,000
Puti ya mbao na silikoni: 16,000
Brashi na rola ndogo: 15,000
Vishikio 14: 42,000
Bawaba jozi sita, badala ya zilizolegea: 18,000
Ufundi: 90,000
Nailoni na barakoa: 16,000

Jumla ni 300,000. Bawaba nzima hazikubadilishwa, zilisafishwa na kutiwa mafuta. Vishikio vilinunuliwa vyenye nafasi ya skrubu sawa na vile vya zamani, ili fundi asitoboe matundu mapya na kuziba ya zamani. Jambo dogo kama hilo huokoa muda wa nusu siku.

Ndani ya makabati hakukupangwa kupakwa. Panaposafishwa vizuri na kukauka, ndani ya kabati la mninga hapahitaji rangi, na chakula hakitakaa karibu na harufu mpya.

Kilichotokea Jumamosi

Fundi alifika saa mbili asubuhi. Ni kijana mwenye mikono mizuri, aliyetengeneza pia madirisha ya jirani. Alimsalimia bibi, akavua viatu, akaanza kazi kama anavyoianza siku zote. Alichomeka mashine ya msasa kwenye umeme na kuanza kusugua milango ikiwa bado imefungwa kwenye kabati. Ndani ya dakika chache sakafu, meza na ndoo ya maji ya kunywa vilikuwa na unga mwepesi wa rangi tatu.

Pembeni aliweka tina ya kuoshea brashi. Hakuwa na kopo, akaimimina kwenye chupa tupu ya maji ya kunywa na kuiweka sakafuni, karibu na mlango.

Bibi ndiye aliyeona. Mtoto alikuwa ameshatambaa kutoka sebuleni na mkono wake ulikuwa juu ya chupa. Bibi alimnyanyua kabla hajaivuta.

"Zima hiyo mashine, baba," alimwambia fundi kwa upole. "Leo hatupaki kitu."

Hakuna aliyeumia. Lakini mambo mawili yaliyofanyika asubuhi ile, vumbi kavu na tina ndani ya chupa ya maji, hutokea katika nyumba nyingi zinazokarabatiwa, na si kila nyumba ina bibi aliyekaa upande unaofaa.

Vumbi la rangi ya zamani lina nini?

Kwa miaka mingi viwanda vya rangi duniani vilitumia madini ya risasi ili rangi ing'ae, ikauke haraka na isipauke. Rangi za mafuta ndizo zilizokuwa nayo zaidi, hasa zile za kukoza kama njano, nyekundu na kijani. Marekani ilipiga marufuku matumizi yake majumbani mwaka 1978. Katika nchi nyingi za Afrika udhibiti ulichelewa, na vipimo vilivyofanywa na mashirika ya mazingira, Tanzania ikiwemo, viliwahi kukuta rangi za mafuta zenye risasi nyingi zikiuzwa madukani. Kiwango kinachopendekezwa kimataifa ni risasi isiyozidi sehemu 90 kwa milioni katika rangi.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo yuko hatarini zaidi kwa sababu mwili wake hufyonza risasi aliyoimeza mara nne hadi tano zaidi ya mwili wa mtu mzima, na ubongo wake bado unajengwa. Madhara yake ni pamoja na kupungua kwa uwezo wa kujifunza, kukosa utulivu, upungufu wa damu na kudumaa. Madhara kwenye ubongo hayarudi nyuma.

Kinachotisha ni ukimya wake. Mtoto aliyemeza vumbi la risasi kidogo kidogo anaweza asilie, asiharishe wala asipate homa. Mzazi ataona miaka ya baadaye darasani, na hatakumbuka kabati. Kipimo cha damu ndicho kinachoonyesha, si macho.

Wala huwezi kuitambua risasi kwa kuitazama rangi. Kwa hiyo kanuni rahisi ya nyumbani ni hii: rangi ya mafuta ya zamani ambayo hujui ilitoka wapi, ichukulie kuwa ina risasi, na ufanye kazi kwa tahadhari hiyo.

Hata kama haina, vumbi la mbao lenyewe si rafiki. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, ambalo liko chini ya WHO, limeliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua, kwa wanaolivuta kwa miaka mingi. Kwa hiyo fundi "aliyezoea vumbi" ndiye anayehitaji barakoa kuliko mtu yeyote. Vumbi la mvule na mninga linaweza pia kuamsha pumu na kuwasha ngozi.

Kazi inavyopaswa kwenda

Familia ya Tabata ilianza upya Jumatatu. Mama na mtoto walihamia kwa shangazi Mbagala kwa siku tano, na mtoto mkubwa alikwenda shule akitokea huko. Bibi alibaki kusimamia, chakula kikapikwa uani. Familia isiyo na ndugu wa karibu inaweza kufanya kazi kwa awamu, huku mtoto akibaki kwa jirani kila kazi inapoendelea, na asirudi mpaka pafutwe.

Siku ya kwanza ni ya kutenganisha na kuosha. Milango ifunguliwe bawaba zake na itolewe nje, kila mmoja ukiwekewa namba kwa kalamu nyuma ya kipande cha gundi ya karatasi, ili urudi mahali pake. Skrubu za kila mlango ziwekwe pamoja. Jikoni pafunikwe kwa nailoni, na mlango wa kuingia sebuleni uzibwe.

Mbao zioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kisha zifutwe kwa maji safi mara mbili. Mafuta ya kukaangia yaliyoganda kwa miaka ndiyo sababu kubwa ya rangi mpya kubanduka. Asiyeosha vizuri atapaka mara mbili. Kamwe usichanganye dawa ya kung'arisha nguo na dawa ya choo au ya vigae ukitafuta nguvu zaidi. Mchanganyiko huo hutoa hewa yenye sumu.

Siku ya pili ni ya msasa. Hapa ndipo tofauti yote ilipo. Rangi ambayo bado imeshika haina haja ya kung'olewa. Inatosha kuikwaruza kidogo ili praima ishike. Kadiri unavyosugua kidogo ndivyo unavyotoa sumu kidogo.

Tumia msasa wa maji, ule unaoweza kuloweshwa, na mkono badala ya mashine. Lowesha mbao kwa kitambaa, sugua, futa tope, suuza kitambaa kwenye ndoo, endelea. Namba 120 kwa sehemu iliyobanduka na 240 kwa kulainisha. Vumbi likiwa tope haliruki. Usichome rangi kwa moto wala kwa mashine ya joto ili ibanduke, maana risasi hugeuka mvuke na kuvutwa moja kwa moja.

Kazi ifanyike nje inapowezekana, juu ya nailoni, mbali na bustani ya mchicha na mahali kuku wanapookota. Anayesugua avae barakoa ya N95 au inayofanana nayo. Barakoa ya kitambaa haizuii unga mwembamba. Mama mjamzito asikae karibu na kazi hii hata kidogo.

Jioni, sakafu isifagiliwe kavu. Ifutwe kwa kitambaa chenye maji na sabuni, kisha ifutwe tena kwa maji mengine. Tope na magamba ya rangi yawekwe kwenye kopo tupu lenye mfuniko, si shimoni nyuma ya nyumba. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, na fundi anawe uso na mikono kabla ya kula au kubeba mtoto wake mwenyewe nyumbani kwake.

Jambo lingine husahaulika sana. Vipande vya mbao vilivyong'olewa visigeuzwe kuni. Mbao yenye rangi ya zamani ikiwekwa kwenye mafiga, moshi na majivu yake hubeba kile kile ulichokuwa ukikikwepa, na safari hii kiko chini ya sufuria.

Siku ya tatu ni ya kuziba na kupaka praima. Matundu na nyufa zijazwe puti, zikauke, zilainishwe. Mbao nyekundu kama mninga zinaweza kutoa madoa ya kahawia juu ya rangi nyeupe hata baada ya kupaka mara mbili. Dawa yake ni praima ya kuzuia madoa, kwa hiyo itaje kwa jina hilo unapokwenda dukani.

Siku ya nne na ya tano ni za rangi. Tabaka mbili nyembamba hushinda moja nene inayochuruzika. Chagua rangi ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya mbao, si ile ya ukutani, kwa sababu kabati hushikwa na kufutwa kila siku. Rangi ya maji haihitaji tina, harufu yake ni ndogo na brashi huoshwa kwa maji. Soma kopo kama kuna alama ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na umwombe muuzaji rangi isiyo na risasi bila kuona haya.

Usipange kazi hii katikati ya masika. Hewa ikiwa na unyevu mwingi rangi hukawia kukauka na hunasa vumbi.

Rangi ikionekana kavu bado haijakomaa. Inaweza kuguswa baada ya saa chache, lakini huhitaji wiki mbili hadi nne kufikia ugumu wake. Katika muda huo milango ifungwe taratibu, isisuguliwe kwa steliwaya, na madirisha yaachwe wazi mchana kutwa.

Chupa ya tina

Wako wanaoendelea kutumia rangi ya mafuta, kwa kuwa ni ngumu na fundi wao ameizoea. Kwao, tina na mafuta ya taa vina kanuni zake.

Kwanza, visihamishwe kwenye chupa ya maji, soda wala juisi, hata kwa dakika tano. Mtoto wa miaka miwili anajua chupa ya maji ni ya kunywa. Hilo sisi ndio tuliomfundisha. Vibaki kwenye chombo chake chenye maandishi na kifuniko, mahali pa juu panapofungwa.

Pili, mvuke wa tina ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni na unaweza kufikia jiko la gesi au la mkaa lililoko mbali na kuwaka. Jikoni panapopakwa, moto wote uzimwe. Kupika kuhamie uani, wala jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kwa sababu jikoni hapatumiki, kwani hewa yake ya sumu huua bila harufu. Barakoa ya vumbi pia haizuii mvuke wa tina. Kinachosaidia ni hewa ya kutosha.

Tatu, kila mzazi ajue la kufanya mtoto akinywa. Usimlazimishe kutapika. Tina na mafuta ya taa huumiza zaidi yanapoingia kwenye mapafu, na kutapika ndiko kunakoyapeleka huko. Usimpe maziwa wala mafuta ya kula kama watu wengi wanavyoshauri, kwa sababu hayaondoi sumu na yanaweza kumtapisha. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa maji na sabuni, umkimbize hospitali pamoja na chupa yenyewe. Mpeleke hata kama anaonekana mzima. Kikohozi na kupumua kwa shida vinaweza kuanza saa kadhaa baadaye.

Makabati yakiwa matupu

Si mara nyingi jiko zima huwa tupu. Tumia nafasi hiyo.

Ziba nyufa za nyuma ya makabati na mahali bomba linapoingia ukutani kwa silikoni. Humo ndimo mende wanamolala, na kinyesi na magamba yao ni miongoni mwa vitu vinavyoamsha pumu kwa watoto. Nyufa zilizozibwa na sinki kavu usiku hufanya kazi kuliko kupuliza dawa kila wiki juu ya sahani.

Panga upya kinachorudi. Dawa ya kung'arisha nguo, ya choo, ya mende na mafuta ya taa visirudi chini ya sinki, hata kama vilikaa hapo tangu nyumba ijengwe. Viende kabati la juu. Chini ya sinki weka ndoo, beseni na sufuria kubwa, vitu ambavyo mtoto akivitoa atapiga kelele tu. Visu navyo vipande juu. Kama lazima kitu cha hatari kikae chini, funga komeo dogo upande wa juu wa mlango. Bei yake haifiki ya kishikio kimoja.

Ukiwa na chini ya hapo

Si kila nyumba ina laki tatu. Lakini kwa nyumba nyingi sehemu kubwa ya uchakavu ni mafuta yaliyoganda na milango iliyopinda, si rangi. Kuosha vizuri, kukaza skrubu, kubadilisha bawaba mbili tatu na kuweka vishikio vipya kunaweza kubadili sura ya jiko kwa theluthi ya fedha hizo, bila vumbi lolote.

Njia nyingine ni kupaka milango ya mbele tu na kuacha pande zisizoonekana. Au kubandika karatasi ya plastiki yenye gundi juu ya milango laini, mbali na joto la jiko. Na kama fedha inatosha kwa jambo moja tu, liwe hili: mahali palipobanduka, hasa kwenye urefu wa mkono wa mtoto, palowanishwe, pafutwe, pakwaruzwe kwa msasa wa maji na papakwe praima na rangi. Kabati la juu linaweza kusubiri mwaka mwingine.

Jikoni, chakula nacho kina sehemu yake. Mtoto mwenye chuma na kalsiamu ya kutosha mwilini hufyonza risasi kidogo kuliko mwenye upungufu. Maharage, dagaa, mboga za majani, nyama au maini na maziwa vinamlinda, na kunawa mikono kabla ya kula kunamlinda zaidi. Kama rangi ya nyumbani imekuwa ikibanduka na mtoto ana tabia ya kula vitu vya sakafuni, mweleze daktari jambo hilo kliniki. Asipoambiwa hawezi kulijua.

Kurudi nyumbani

Mtoto wa Tabata alirudi Jumamosi iliyofuata. Milango ilikuwa ya rangi ya krimu juu na kijivu chini, vishikio vipya vikiwa vimenyooka. Mninga wa marehemu haukuvimba popote. Bibi alikuwa amefuta sakafu mara tatu, ingawa fundi alimwambia mbili zinatosha.

Fundi mwenyewe aliondoka na barakoa moja iliyobaki na kopo lenye mfuniko wa kubana. Alisema tina yake itakaa humo, kwa kuwa naye ana mtoto wa miaka miwili nyumbani.

Daftari bado liko juu ya friji. Mstari wa mwisho umeandikwa tena chini ya ule uliofutwa, kwa mwandiko wa baba: nailoni na barakoa, 16,000. Ulikuwa wa pili kutoka mwisho kwa udogo katika orodha nzima ukiondoa misasa, sawa na puti na silikoni. Mtoto alitambaa moja kwa moja hadi kwenye kona yake chini ya sinki, akapapasa, hakupata cha kubandua, akageukia masufuria.